Nati Zilizoganda: Jinsi ya Kuzifungua Unapobadilisha Vipuri vya Miguu ya Gari

Kabla hujashika spana, amua jambo moja: kati ya nati, bolti na kipuri, kipi kinakwenda kutupwa na kipi kinabaki kwenye gari? Jibu hilo ndilo linalopanga kazi yote. Ukibadilisha stabilaiza linki (kijiti kifupi kinachounganisha fimbo ya stabilaiza na mguu wa gari), nati yake na linki yenyewe vyote vinaishia kwenye chuma chakavu, kwa hiyo hakuna haja ya kuibembeleza nati kwa saa nzima wakati grainda inaimaliza kwa dakika mbili. Bolti ya loa amu, yaani mkono wa chini wa mguu wa gari, ni habari nyingine. Kwenye magari mengi inaingia katika nati iliyochomelewa ndani ya krosmemba (boriti ya chuma chini ya gari), mahali ambapo mkono haufiki. Hiyo ikikatika, kazi ya asubuhi moja inageuka kazi ya siku mbili, na fundi wa kuchomelea juu yake.

Mwongozo huu unafuata magari madogo ya Toyota yaliyojaa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa: Corolla, Premio, IST na Probox. Njia ni zilezile kwa gari lolote. Kinachobadilika ni vipimo.

Kinachoishika nati

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kati ya nyuzi za bolti na nyuzi za nati kuna uwazi mdogo sana, na kutu ikiota humo hujaa na kujikandamiza mpaka inakaa kama kabari. Chumvi huharakisha jambo hili. Huku pwani chumvi huletwa na upepo wa bahari, na magari mengine huja nayo kutoka Japani, hasa yaliyotumika mikoa ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi. Kwenye karatasi ya mnada ya Japani, herufi S huonyesha kutu na herufi C huonyesha kutu iliyokwisha kula chuma. Mwenye gari akiwa bado anayo karatasi hiyo, isome kabla hujamtajia bei ya kazi.

Kutu kwenye nyuzi ni tatizo mojawapo tu, na kila tatizo lina dawa yake, kwa hiyo tambua kwanza lipi liko mbele yako. Nati inaweza kugoma kabisa kusogea. Inaweza kuzunguka pamoja na kijiti chake, kama ilivyo kawaida ya stabilaiza linki. Inaweza kutoka vizuri halafu bolti ikakataa kuchomoka kwa sababu imeshikana na bomba la ndani la bushi, ule mpira wenye bomba la chuma katikati. Pembe zake zinaweza kuwa zimeliwa na spana ya aliyetangulia. Na kwenye tai rodi endi (ncha ya fimbo ya usukani) na boljointi (kiungo chenye tufe), nati hutoka lakini kijiti chenye umbo la koni kikabaki kimeng'ang'ania tundu lake.

Zana, na hesabu ndogo ya nguvu

Tumia boksi la pembe 6. La pembe 12 hushika nati karibu na ncha tu, na nati yenye kutu, ambayo tayari imepungua unene, itachubuka mara moja. Kwa Toyota hizi andaa boksi na spana ringi za 12, 14, 17, 19 na 22. Ongeza alenki za milimita 5 na 6, brashi ya waya, nyundo mbili ambazo moja ina uzito wa kilo moja au zaidi kidogo, tindo kali, vaisgripu, grainda ndogo yenye diski nyembamba za milimita 1, miwani ya kazi na mtungi wa kuzimia moto. Mpini mrefu wa boksi wa sentimita 60 unatosha.

Kuhusu huo mpini: ukiusukuma kwa uzito wa kilo 50, nati inapata takriban Nm 300 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Bolti ya M10 au M12 (unene wa milimita 10 au 12) ya daraja la uimara la 8.8 inaweza kukatika kabla ya kufika hapo. Ndiyo maana kuvisha bomba refu juu ya mpini ni kosa kubwa la gereji zetu. Bomba halijui kama kinachosogea ni nati inayofunguka au bolti inayosokotwa. Mashine ya impakti ni bora zaidi, kwa kuwa inapiga vipigo vifupi vinavyoitikisa kutu na kuivunja badala ya kuisokota bolti moja kwa moja. Itumie kwa vipindi vya sekunde mbili tatu, kisha pumzisha.

Gari liinuliwe kwa jeki na likae juu ya stendi za chuma. Matofali hupasuka bila taarifa, na kazi hii ina kuvuta na kupiga kwingi. Vizuizi vya magurudumu ya nyuma viwekwe, breki ya mkono ivutwe.

Siku moja kabla

Hatua inayorukwa na wengi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: safisha nyuzi zilizo wazi nje ya nati. Nati inapofunguka haina njia nyingine ila kupita juu ya nyuzi hizo. Zikiwa zimejaa kutu na tope lililokauka, nati itasogea mzunguko mmoja au miwili, ijaze uchafu ndani, kisha ijifunge upya kwa ukali kuliko mwanzo. Nati nyingi hukatika bolti zake hapo, si pale mwanzoni. Piga brashi ya waya mpaka uone chuma. Nyuzi zilizovimba kwa kutu zisafishe kwa ncha ya msumeno wa chuma ukifuata mfereji wa uzi.

Baada ya hapo weka mafuta ya kupenya kutu. WD-40 ya kawaida husaidia, lakini kazi yake ya kwanza ni kufukuza maji. Dawa iliyotengenezwa mahsusi kupenya kutu hufanya vizuri zaidi. Mchanganyiko wa ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu, nao unafanya kazi vizuri. Utikise kila unapoutumia kwa sababu vinatengana, uuweke mbali na rangi na mipira, na ukumbuke kwamba asetoni inashika moto upesi sana. Paka pande zote mbili za nati, piga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa ili mtikisiko uyavute mafuta ndani, kisha acha. Jioni rudia. Dakika kumi na tano ni kidogo mno kwa nati ya miaka kumi na tano.

Kufungua kwa mkono

Gonga boksi kwa nyundo mpaka likae mwisho kwenye nati. Kwanza kaza kidogo, kiasi cha kusikia nati ikitoa mlio au kutikisika. Kutu huvunjika kwa mwendo wowote, hata ule wa kukaza. Kisha fungua. Ikisogea robo ya mzunguko, rudisha nusu ya hiyo, ongeza mafuta, fungua tena. Sikiliza mkono wako: nati inayozidi kuwa nzito kadiri inavyotoka inajaza uchafu, irudishe ndani na usafishe nyuzi tena. Nati inayozunguka kwa ulaini wa ajabu, kama vile unasokota udongo, inakuambia bolti inakatika. Simama hapo, nenda kwenye moto au kukata.

Kwenye bolti mbili zinazounganisha shokapu na nako (chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu), shika kichwa cha bolti kitulie na uzungushe nati. Magari mengi yana bolti zenye meno shingoni yanayong'ata chuma cha shokapu. Ukizungusha bolti unayakwangua. Kabla ya kulegeza, chora mstari kwa ncha ya chuma kuonyesha shokapu lilivyokaa kwenye nako, ili gari lifike kwenye wili alaimenti bila kukwaruza tairi njiani. Nati tatu za juu ndani ya boneti kwa kawaida hazina shida. Ile ya katikati, inayoshika kijiti cha shokapu, isiguswe kabisa kabla springi haijabanwa kwa vibanio viwili. Springi ile ina nguvu ya kuua.

Stabilaiza linki

Hapa ndipo muda mwingi wa mafundi wa miguu unapopotea. Inua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Ukiinua upande mmoja, fimbo ya stabilaiza inasokotwa, inaivuta linki, nati inafunguka kwa taabu na linki mpya haitaingia kwenye tundu.

Mwisho wa kijiti cha linki una tundu la alenki, la milimita 5 au 6. Mara nyingi limejaa tope. Lichokonoe kwa msumari, kisha gonga alenki iingie mpaka mwisho. Alenki iliyoshika milimita mbili tu italiharibu tundu, na tundu likishaharibika umepoteza njia rahisi. Nati ishikwe kwa spana ringi, alenki itulizwe, na spana ndiyo izunguke.

Tundu likifa, kuna njia tatu, na tuzipange kwa ubora. Ya kwanza: ingiza bapa la chuma kati ya linki na fimbo, uvute ili kijiti kipate mgandamizo kisizunguke, huku mwenzako akipiga impakti. Ya pili: kata mpira wa vumbi, ushike kijiti kwa vaisgripu nyuma ya bati. Linki inatupwa, hivyo mpira hauna thamani. Ya tatu ni grainda, na kusema kweli kwa gari la pwani lenye linki za zamani, fundi anayeanza moja kwa moja na grainda hajakosea.

Moto

Nati ya chuma yenye tundu la milimita 12 ikipandishwa joto kwa digrii 400 inapanuka takriban milimita 0.06. Ni kidogo sana, lakini kutu haivumilii mwendo huo, inapasuka. Siri ni kuipasha nati na kuiacha bolti ikiwa baridi kadiri inavyowezekana. Elekeza moto kwenye pande za nati, zunguka, usiulenge mwisho wa bolti. Gesi ya oksijeni na asetilini hufika haraka, na haraka ndiyo unayoitaka, kwa sababu ukichelewa bolti nayo inapanuka na faida inapotea. Nati ikianza kuwa nyekundu hafifu, toa moto, subiri sekunde chache, gusa uzi kwa mshumaa ili nta iyeyuke na kunyonywa ndani, kisha fungua kwa kwenda na kurudi.

Kabla ya kuwasha: futa mafuta yote ya kupenya. Osha na ukaushe mabaki ya dawa ya kusafishia breki, kwa kuwa aina zenye klorini zikikutana na moto hutoa gesi yenye sumu kali. Sogeza au funika kwa bati mpira wa breki, waya wa ABS, mipira ya boljointi na ya draivshafti. Usipashe moto mwili wa shokapu lenye gesi, wala karibu na tenki la mafuta. Nati na bolti zenye rangi ya zinki hutoa moshi mbaya, fanya kazi mahali penye hewa. Bolti yoyote iliyowahi kuwa nyekundu imepoteza ugumu wake wa kiwandani. Haitumiki tena hata kama inaonekana nzima.

Kukata

Kata nati kwa urefu, sambamba na bolti, kwenye upande mmoja bapa. Shuka taratibu mpaka ubakize karibu milimita moja kufika kwenye nyuzi, kisha weka tindo kwenye mpasuo upige mara moja au mbili. Nati inafunguka na bolti inabaki salama. Ikiwa bolti pia inatupwa, kata moja kwa moja kati ya nati na kipuri. Cheche zielekeze mbali na vioo, kwani chembe za moto huzama ndani ya kioo cha gari na hazifutiki, na mbali na mpira wa breki. Kipasua nati cha kukaza kwa spana ni kizuri pale grainda haiingii, ila kinahitaji nafasi kuzunguka nati.

Tai rodi endi na boljointi

Ng'oa kotapini, legeza nati, uiache ishike nyuzi chache. Piga nyundo pembeni mwa jicho la mkono wa nako, si juu ya kijiti, huku nyundo nzito ikishikwa upande wa pili. Jicho linatikisika na koni inaruka. Pula, kifaa cha kuvutia, ni salama zaidi. Uma wa kuchomeka utumie tu kama kipuri kinatupwa, kwa kuwa unachana mpira. Kijiti kikizunguka pamoja na nati, inua kipuri kwa jeki ndogo kutoka chini ili koni ikandamizwe kwenye tundu lake.

Bolti iliyoshikana na bushi

Hili huwashangaza wengi: nati imetoka, bolti inazunguka, lakini haichomoki. Tazama bushi unapoizungusha. Mpira ukijisokota pamoja na bolti, bolti imeshikana kwa kutu na bomba la chuma la ndani ya bushi. Kuzungusha zaidi kunachana mpira tu.

Rudisha nati mpaka iwe sawa na mwisho wa bolti, ndipo upige. Ukipiga uzi mtupu utauvimbisha na bolti haitapita kabisa. Weka mafuta pande zote mbili za bushi. Dalili njema ni bolti kuzunguka bila mpira kusokotwa; hapo endelea kuizungusha huku ukiisukuma nje. Isipokubali baada ya nusu saa ya kazi ya kweli, kata. Msumeno wa umeme wenye blade ndefu ya chuma uingie kati ya bushi na bati la krosmemba, ukate bolti upande mmoja, kisha wa pili. Amu inadondoka na vipande vya bolti vinatolewa kila kimoja peke yake. Lakini kama upande mmoja una nati iliyochomelewa, acha kipande cha bolti kilichochomoza cha kutosha kushikwa na vaisgripu.

Kwenye magari yenye bolti zenye kamu za alaimenti (visahani vya kurekebishia mkao wa gurudumu), kama Hilux na Prado, bolti hizi huganda hivi mara nyingi. Chora alama ya kamu kabla ya kugusa, na mwambie mwenye gari tangu mwanzo anunue bolti, kamu na nati mpya pamoja na bushi.

Bolti iliyokatika ndani ya nati iliyochomelewa

Ikiwa kisiki kimechomoza kidogo, njia bora ni kuweka nati mpya juu yake na kuchomelea kupitia tundu la nati. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu. Ngoja wekundu upotee kabisa, kisha zungusha kwa kwenda na kurudi. Ondoa waya hasi wa betri kwanza, na klampu ya welda ishike karibu kabisa na kazi.

Kisiki kikiwa ndani, piga alama katikati kabisa, anza na keekee ya milimita 3, panda mpaka 6 kwa bolti ya M12. Keekee ya mkono wa kushoto, inayokata ikizungushwa upande wa kufungulia, ni bora, mara nyingine hukitoa kisiki peke yake. Kitoa visiki cha kuchomeka ni kigumu na dhaifu kwa pamoja: kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haitakitoboa tena. Ukilazimika kuchimba chote, tundu la milimita 10.8 ndilo la kukatia uzi wa M12 wenye hatua ya milimita 1.25. Nati iliyochomelewa ikiachia na kuzunguka ndani ya krosmemba, hiyo ni kazi ya kufungua dirisha dogo kwenye bati na kuichomelea upya; apewe fundi anayejua kuchomelea bati la gari, kwa kuwa chuma hicho kinabeba usukani na gurudumu.

Kurudisha

Nati za kujifunga zenyewe, zile zenye nailoni au zilizobanwa mdomo, ziwe mpya. Nyuzi zinazobaki zisafishwe kwa tapu au dai (zana za kukatia nyuzi), mpaka nati iingie kwa vidole. Paka grisi ya shaba kwenye shina la bolti linalopita ndani ya bushi. Hapo ndipo kinga ya safari ijayo inapokaa. Usiipake kwenye koni ya tai rodi au boljointi. Kwenye nyuzi zilizopakwa grisi, torki (nguvu ya kukazia) ileile huvuta bolti kwa nguvu zaidi kuliko uzi mkavu, hivyo usipake nyuzi kama kitabu cha gari hakisemi hivyo.

Kwa Corolla za kizazi cha E120, nati ya stabilaiza linki ni Nm 74, tai rodi endi Nm 49, bolti za shokapu na nako Nm 153, nati za gurudumu Nm 103. Gari jingine, tafuta vipimo vyake.

Bolti zinazopita kwenye bushi za amu zifungwe kwa mkono tu gari likiwa juu. Kukaza kwa mwisho kufanyike gari limekaa kwa uzito wake juu ya magurudumu, au jeki ikiinua amu mpaka kimo hicho. Ukikaza magurudumu yakining'inia, mpira wa bushi unafungwa katika hali ya kusokotwa, na kila gari linaposhuka unavutwa zaidi. Bushi mpya inaweza kuchanika mapema sana, na mteja ataamini umemwekea bandia. Nenda alaimenti siku ileile ikiwa uligusa shokapu, tai rodi au amu, na baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia torki kwenye nati za magurudumu na nati za linki.